Sauti ya Nne ya Wimbo Wako

Elisha, mdogo wangu,

Jumamosi tuliondoa matanga yako hapa kambini Nakivale. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, na ndugu wa kambi ya Oruchinga walifika na matope hadi magotini. Kwaya iliimba wimbo wako wa mwisho, ule uliotunga kabla hujapelekwa hospitali Mbarara. Hakuna aliyekuwa ameusikia. Ngoja nikueleze tulivyoupata.

Unajua desturi yetu: mtunzi huondolewa matanga kwa wimbo wake mwenyewe. Kwa hiyo mkeo, Mama Neema, alinikabidhi kompyuta yako. Ile programu uliyoandikia nota ikagoma. Leseni imekwisha, ikasema, na kampuni haiuzi tena toleo lile. Kazi yako yote ilikuwa humo, Elisha, na bila leseni Mama Neema hakuweza hata kuitazama. Nilipokuonya juu ya programu za leseni ulinicheka: "Mwalimu, weye unaogopa mashini kama vile iko na meno."

Nikaenda Mbarara, mtaa wa Kamukuzi, kwa fundi mmoja wa kompyuta, binti wa Kinyankore. "Mzee, hawa watu walifunga nyumba wakaenda na funguo," akaniambia. Akaondoa mfumo wa zamani, akaweka mfumo huria na programu huria ya nota. Nilikueleza mara nyingi maana yake: maandishi yanayoiendesha programu hiyo yanaruhusiwa kusomwa na kurekebishwa na yeyote, hata wenyewe wakiiacha, wengine wanaiendeleza. Watu tusiowajua walikuwa wamejifunza mafaili ya kampuni ile yanavyopangwa, wakatengeneza njia ya kuyasoma. Wimbo ukafunguka. Soprano, alto, teno. Mstari wa besi ulikuwa mtupu.

Nikadhani umepotea katika kuhamisha. Nikarudi tena Mbarara. Fundi akajaribu njia nyingine, na nyingine. Mtupu. Nikaanza kuilaumu hiyo programu mpya niliyokuwa nikiisifu. Niliporudi, Mama Neema alinitazama kwa huruma.

"Papa, musijichokeshe bure. Hakuandikaka besi hata siku moja. Alisemaka iko mu kifua yake."

Besi za nyimbo za zamani wenzako wa besi wanazijua, uliwafundisha kwa mdomo. Huu hukuwahi kuwafundisha.

Mazoezini walibishana. Kijana mmoja wa teno akasema, "Tumuwekee tu besi. Iko ngumu gani?"

"Weka," mama mmoja wa alto akamjibu, "kisha umuite Elisha aje akusahihishe."

Watu wakacheka. Kisha yule mama mwenyewe akaketi chini, akalia.

Basi Jumamosi wanaume wa besi walisimama mahali pao, midomo imefungwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Wimbo ulielea, haukutua. Ulipokwisha, binti yako Neema aliendelea kuwatazama wale wa besi, akingoja.

Nimeanza kuwaketisha wenzako mmoja mmoja. Wanaimba, ninaandika, nyimbo zako zote za zamani, katika mafaili ambayo hayatawadai watoto wako leseni. Kazi ni polepole. Mmoja amekwisha kusahau beti nzima, na sisi wengine si vijana. Nitaimaliza, Mungu akinipa pumzi.

Ila huu mmoja nitauacha na sauti tatu, na nikiwa hai hakuna atakayeujaza.

Lala, mdogo wangu. Tulikuwa tunakusikia kila Jumapili, tukadhani besi yako tunayo.

Mwalimu