Mkanda wa Gemu Uliotugombanisha

Jumatatu jioni, Xiaobei. Manyunyu tangu alfajiri.

Leo kuta zimetoka jasho tena. Ndiyo msimu wake. Mwezi wa tatu ukifika hapa Guangzhou, unyevu unaingia mpaka kabatini, vigae vinateleza, na nguo ulizofua juzi zinanuka ubichi. Nimefuta kioo cha dirisha, na baada ya muda mfupi sioni nje tena. Chai imepoa mezani. Naandika kwa sababu tangu jana sielewi kitu, na nikiandika huwa napata afadhali kidogo.

Nianze na mkanda.

Alhamisi nilikwenda soko la vifaa vya elektroniki kuangalia chaja na spika ndogo za kutuma Dar. Laobanniang ninayenunua kwake, yaani mama mwenye duka, akanivuta mkono akanionyesha kitu kipya. Ulikuwa mkanda mpana mweusi, kama ule wanaofunga wagonjwa wa mgongo, kumbe ni wa kuchezea gemu za magari. Huushiki mkononi. Unaufunga kiunoni, na ndani yake kuna kitu kinachohisi mwili wako unavyosogea. Ukiegemea kushoto, gari linakata kushoto. Ukiinama mbele linakimbia, ukijivuta nyuma linafunga breki. Hauna kitufe hata kimoja. Laobanniang akaufunga mwenyewe, akaendesha gari kwenye skrini huku akizungusha nyonga. Wateja wakacheka, naye akacheka.

Mimi sikucheka. Nilimfikiria kaka Baraka palepale.

Kaka Baraka ni mtu wa Mwanza, ana ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo pale jengo la Tianxiu. Si ndugu yangu wa damu. Nilipofika mji huu mara ya kwanza, sijui hata kuomba maji, ni yeye aliyenipokea. Akanifundisha kupanda treni, akanifundisha kukaza uso bei inapotajwa. Na ndiye aliyeniingiza kwenye gemu. Kila Jumapili mchana tunakutana chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja wa Kitanzania mtaa wa Dengfeng, tunakula, halafu tunashindana magari. Nikitoka kanisani naenda moja kwa moja. Kaka Baraka alikuwa hashindiki. Akishika pedi ya gemu, vidole vyake huwezi kuvifuata kwa macho.

Mwaka jana geti la chuma la stoo likamwangukia mkono wa kulia. Mfupa uliunga, vidole havikurudi. Vinakunjika nusu tu. Akaacha kuja Jumapili. Ukimuuliza anasema kazi nyingi.

Kwa hiyo nikaununua ule mkanda. Jana asubuhi nikampigia simu nikamwambia kuna samaki wa kupaka, njoo tule. Kuhusu mkanda sikutamka neno. Akaja, amevaa shati lake la drafti, mkono wa kulia mfukoni.

Nilikuwa na furaha jamani. Naomba hilo lieleweke.

Walikuwepo wenzetu wawili wa siku zote. Shabani ni Mzanzibari, ananunua nguo soko la Shisanhang, na tangu kaka Baraka aache yeye ndiye bingwa wetu. Kevo ni Mkenya, ana kibanda cha simu mtaa huohuo wa Dengfeng. Tukala, tukanawa, nikautoa mkanda kwenye mfuko.

Kevo ndiye aliyeujaribu kwanza. Aligonga kila kilichosimama kando ya barabara, tukacheka mpaka machozi. Shabani akakataa hata kuugusa. Kaka Baraka akauangalia kwa muda, akaugeuza, akaunusa, kisha akasema, "Hebu lete."

Mwanzo alikuwa anayumba kama mtu aliyepanda pikipiki kwa mara ya kwanza. Nilitamani kufumba macho. Halafu katikati ya mbio, sijui nini kilitokea, mwili wake ukaielewa ile barabara. Akaacha kuyumba. Akawa anaegemea kidogo tu, bega na kiuno pamoja, na gari likawa linapita kwenye kona kama limetiwa mafuta. Akacheza na Shabani, Shabani ana pedi, yeye ana mkanda. Akamshinda.

Chumba kililipuka kwa shangwe. Uso wa kaka Baraka sijauona vile tangu geti limwangukie.

Hapo ndipo Shabani akatupa pedi kwenye kochi.

"Hii siyo gemu," akasema. "Hii ngoma! Mtu anakata mauno, gari lenda lenyewe, halafu ati kanshinda!"

"Halikuenda lenyewe," kaka Baraka akajibu. "Nimeliendesha mimi. Ile kona ya darajani umefunga breki mapema, kama kawaida yako."

"Kona naijua bwana, siku zote naipita kwa vidole. Huo mkanda unakulainishia. Wewe ukiyumba, wenyewe wanyoosha. Huo ni wizi. Wallahi, Baraka, usinambie hujauona unavyonyoosha!"

"Na pedi yako inayotetemeka ukikaribia ukuta, hiyo siyo kukusaidia?"

"Pedi ni pedi!"

"Buda, kuna watu wanacheza na usukani na hakuna mtu analia," Kevo akaingilia. "Kifaa ni kifaa. Mwenye ameshinda ameshinda."

Basi ikawa kesi. Mwisho wa mwezi huwa tunashindania kikombe chetu kidogo cha bati, na swali likawa kama mkanda uruhusiwe au usiruhusiwe. Shabani anasema gemu ni vidole, mtu ameumia miaka kuvifundisha, hawezi kuja mwingine na kiuno akaharibu kila kitu. Kaka Baraka anasema kiuno nacho kinafundishwa, kama Shabani anaona ni rahisi aufunge yeye. Kila aliyezungumza nilimwona ana haki. Mmoja akimaliza natikisa kichwa kukubali, mwingine akimaliza natikisa tena. Walikuwa wamesimama, pua karibu zigusane, wanabishana, kila mmoja akimfunika mwenzake kwa sauti.

"Kikombe ni kwa pedi tu," Shabani akasema. "Anayetaka mkanda akacheze harusini."

"Wacha hizo, bana," Kevo akasema. "Sasa mtu kama Baraka atacheza na nini? Si umwonee huruma kidogo?"

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikaongezea: "Kweli Shabani. Mwache ashinde, unapungukiwa nini?"



Kaka Baraka akaubandua mkanda kwa mkono wa kushoto. Akaukunja taratibu, akaniwekea mapajani.

"Asante kwa samaki, Tumaini," akasema, akatoka. Siku zote huniita mdogo wangu.

Shabani akabaki anatuangalia. "Mie n'memkosea nini?" akauliza. Nilimjibu vibaya sana. Nilimwambia hana moyo, kwamba mtu mgonjwa amepata furaha yake kidogo na yeye ameipokonya. Aliinama akafunga viatu, akaondoka bila kumaliza chai. Nikarudi nyumbani nikijiona nimemtetea ndugu yangu.

Leo asubuhi nikaurudisha mkanda dukani. Sikutaka kuuona. Laobanniang alinung'unika, akasema "bu xing", haiwezekani, lakini mimi ni mteja wake wa zamani, akaupokea mwishowe. Kutoka hapo nikaenda Tianxiu.

Nilimkuta kaka Baraka anaandika alama za mzigo kwenye maboksi, kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizolala upande. Nikamwambia nimekuja kumwombea radhi Shabani.

"Shabani kafanya nini?"

"Alivyokukatalia, kaka. Alivyokuita mwizi mbele za watu."

Akafunika kalamu. Akakaa juu ya boksi.

"Shabani alinibishia," akasema. "Tangu mkono huu uumie hakuna mtu aliyenibishia. Nikichelewesha mzigo wa mtu, ananiambia pole. Nikikosea hesabu, pole. Jana Shabani kanifokea mpaka mate yamenirukia, na mimi nikasahau kabisa kama nina mkono mbovu. Halafu wewe, mdogo wangu, ukamwambia aniache nishinde." Akaniangalia usoni. "Kwani nilikuwa sijashinda?"



Alikuwa ameshinda. Niliona kwa macho yangu, nilipiga makofi. Sasa kwa nini mdomo wangu ulisema vile? Na kama mimi niliyemtafutia mkanda ndiye niliyemuumiza, na Shabani aliyemtukana ndiye aliyemfurahisha, basi sijui tena kumpenda mtu kunafanywaje. Nilisimama pale mlangoni kama mgeni.

"Mkanda uko wapi?" akauliza. "Kuna kona moja bado inanisumbua."

"Nimeurudisha."

"Nani kakutuma uurudishe?"

Akachukua mwavuli wake. Tukapanda treni kurudi dukani.

Pale dukani tulikuta watu wamejaa. Mume wa laobanniang, mwanamume mwembamba mwenye ndala, alikuwa amefunga mkanda wetu kiunoni. Jirani yake anayeuza makava ya simu alikuwa na pedi, na ilionekana ameshindwa sasa hivi, kwa sababu alikuwa anapiga kelele kwa Kikantoni. Mimi lugha hiyo najua namba tu. Lakini jirani alikuwa ameinua vidole vyake kumi hewani anavichezesha, na mwenye mkanda alikuwa anajipiga kiunoni, na waliowazunguka wamegawanyika upande huu na upande huu. Sikuhitaji mkalimani.

Kaka Baraka akacheka kwa sauti. Akapenya katikati ya watu, akanyoosha kidole kwenye mkanda, kisha akajigusa kifuani. Laoban, yaani huyo mume mwenye duka, akamwangalia kuanzia juu mpaka chini. Aliuona mkono, sina shaka na hilo, maana ndiyo kwanza ulikuwa nje ya mfuko. Akauvua mkanda akampa, akachukua pedi kwa jirani.

Laoban akashinda. Kaka Baraka akalalamika kwamba amezibwa skrini kwa bega, akamwonyesha na bega lenyewe. Laoban akakataa kwa mikono miwili. Wakarudia. Laoban akashinda tena, safari hii kwa tofauti ndogo, akaruka na ndala zake, akamcheka waziwazi, akamwigiza anavyochelewa kuegemea. Kaka Baraka akamjibu kwa Kisukuma, yule akajibu kwa Kikantoni, na wote wawili walikuwa wamekasirika kwelikweli.

Nilifungua mdomo nimweleze laoban habari za mkono. Neno la Kichina la mkono nalijua. Lilifika kwenye ulimi.

Nikalimeza.

Tulipotaka kuununua mkanda upya, laobanniang alipandisha bei bila hata kupepesa macho. Kaka Baraka akabishana naye mwenyewe. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikaangalia sakafu.

Tukatoka. Manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua ya kweli. Kaka Baraka alikuwa amebana boksi kwapani upande wa kushoto, na mkono huohuo umeshika mwavuli. Nikanyoosha mkono nimpokee, nikaurudisha. Kwetu ukimwona mtu na mzigo unampokea, awe mzima awe mgonjwa. Hata Shabani ningempokea bila kufikiri. Nikatembea pembeni yake nikijiuliza: nikipokea, ni huruma ileile? Nisipopokea, nimekuwa mtu wa namna gani? Mwavuli ukaanza kuinama, maji yakamwingia begani.

Akasimama katikati ya njia, watu wanatupita kulia na kushoto.

"Mdogo wangu, hunioni nalowa? Pokea boksi!"

Nikalipokea haraka. Naye akaenda zake mbele na mwavuli wake, akaniacha mimi kwenye mvua nimekumbatia boksi.

Sasa hivi niko hapa na taulo kichwani. Jioni hii nimempigia Shabani nikamwomba msamaha, na kosa hilo angalau nililijua kuwa ni langu. Akasema yameisha. Baada ya kitambo akanitumia ujumbe: Jumapili tunaamua habari ya mkanda, wewe uko upande gani? Nimeandika nauunga mkono, nikafuta. Nimeandika naupinga, nikafuta. Maana nikiunga mkono, ni kwa sababu ya gemu au kwa sababu ya Baraka? Nikipinga, ni haki au najionyesha tu kwamba simwonei huruma?

Mwisho nikamwandikia: muulize Baraka mwenyewe.

Jibu limeingia sasa hivi, naandika na simu mkononi.

"N'shamuuliza. Kanitukana."

Nimecheka peke yangu humu ndani, na bado sijui nacheka nini.