Kofia ya Msimamizi

Mjukuu wangu Abdi,

Salaam aleikum. Ayeyo, bibi yako, ni mzima, mbuzi ni wazima, magoti yangu tu ndiyo yamegoma. Unaniuliza kama ushuke kwenye mtaro huo wa Nairobi bila mbao za kushikilia kuta, maana fomeni ana haraka na wenzako wanakuita mwoga.

Hata mimi niliitwa hivyo, miaka ile ya vita vya shifta, wale waasi wa huku kwetu. Mimi na mwenzangu Farah tulikuwa tunachimba shimo la choo cha ofisi hapa Garissa. Askari walikuwa wamebeba mbao zetu wakajengee kizuizi barabarani. Kafyu ilikaribia, na aliyekutwa nje alihesabiwa shifta. Msimamizi wetu, aliyeletwa kutoka Nyeri, hakutulia. Mara atazame jua, mara atazame shimo.

"Shukeni mmalize, waoga nyinyi."

Farah akaanza kuvua viatu. Nikamshika mkono, kwa sababu mchanga ulikuwa unachuruzika ukutani bila kuguswa na mtu.

"Bwana mkubwa, tangulia wewe," nikasema. "Mimi nitakushikia kofia."

Kwa hasira akanipa kofia kweli, akashika ngazi. Alipofika katikati, lori la askari likapita karibu, mchanga ukammwagikia shingoni. Alitoka mbio kama swara, na nyuma yake ukuta ukaporomoka, ukameza ngazi na kiatu chake kimoja.

Asubuhi alikwenda mwenyewe kwenye kizuizi cha askari kudai mbao zetu.

Basi mwambie fomeni wako akupe kofia yake.

Awowe, babu yako, mwoga wa zamani