Shanga Zinazotafutana

Mama,

Ile bangili yako ya shanga za sumaku, uliyouziwa sokoni Malinya ukaambiwa inashusha presha, imekatika uzi. Siku Senje alipogawa nguo zako, kama shangazi anavyotakiwa, mimi niliachiwa hiyo tu.

Nilidhani zitatawanyika kama maharagwe. Hazikutawanyika. Zilishikana zenyewe, mstari mmoja. Nikaziweka kwenye sinia, nikatikisa kidogo, ncha mbili zikaonana, ikawa duara. Nikazigawa mistari miwili: ncha hii inakimbia ile, lakini nikigeuza mmoja, zinarukiana. Nikiilaza pamoja, shanga ya huku inaingia katikati ya mbili za kule, kama sega la asali. Nani anazipanga, Mama? Nilishangaa hapo mpaka obusuma, ugali wetu, ukaungua.

Senje alipoona akashika mdomo. "Weee! Vitu vya marehemu havijipanganga bure. Mamako anataka bangili yake irudi mkononi mwake."

Ni wewe? Nilikuuliza kwa sauti. Mwalimu jirani akasema kila shanga ina pande mbili, moja inavuta, nyingine inasukuma, basi. Maneno nimeyasikia. Lakini upande unajuaje? Au ulikuwa unanionyesha kitu, na mimi kwa huu uchovu sikioni?

Halafu jana mjukuu wako, yule uliyeniacha naye tumboni, sasa anatambaa, nikamkuta na shanga moja mdomoni. Nikaitoa kwa kidole, nikamkimbiza kliniki. Nesi akasema hana kitu, ila angemeza mbili zingetafutana hata humo ndani, zibane utumbo katikati mpaka zitoboe. Zingetafutana, Mama. Hazijui huyo ni mtoto wetu.

Senje anataka nizitunze mpaka wazee wakae waamue. Nimekataa. Leo asubuhi nimezifukia hapo kaburini kwako, chini kabisa, mtoto nikiwa nimemfunga mgongoni. Nililia, maana sina kingine chako. Sijui kama huko chini zimejipanga tena. Sijui kama nimekurudishia au nimekutupia. Siku hizi sijui mengi.

Kwaheri, Mama. Nitapalilia hapo kwako kila mvua ikianza, hilo naahidi. Na kama umekasirika, njoo kwangu mimi. Mtoto usimguse.

Binti yako