Mama, Kumbe Hukuwa Unanidharau

Mama mkwe wangu mpendwa,

Barua hii atakusomea binti yako Zaina, maana najua miwani yako imevunjika. Zaina, wifi yangu, soma yote polepole, hata pale ninapojisema vibaya. Usiruke.

Nataka kukukumbusha yale majuma matano uliyokaa kwetu hapa Kisangani, miaka sita iliyopita. Ulitoka Kindu kuja kuniuguza nilipopoteza mimba ya kwanza, ukasema utakaa miezi mitatu. Ulinikanda kwa maji ya moto. Ulinipikia sombe, yale majani ya muhogo, nami nikakubishia kwamba jina lake ni pondu, ukacheka ukasema nile kwanza, jina tutatafuta baadaye. Nilikupenda haraka, mama. Sikutegemea, kwa sababu watu wa kwetu Isangi walikuwa wameniogopesha sana juu ya kuolewa kwa Waislamu.

Ila kulikuwa na mbwa wangu, Tika Baloba. Nilimpa jina hilo, "waache waseme", kwa ajili ya maneno ya watu hao hao. Siku zile alilala miguuni pangu kutwa nzima, na kila alipoingia sebuleni, wewe ulitoka. Ulikaa barzani na mkeka wako hata mvua ikipiga, pua umeifunika kwa ncha ya kitenge, macho mekundu. Siku moja nilikukuta unayafuta, nikauliza kuna nini. Ulisema ni moshi tu. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Wahenga walisema moyo wa mtu ni msitu, lakini mimi nilijifanya naujua wako wote. Nilijiambia, mama huyu anaona nyumba yangu ni najisi, na mimi mwenyewe pia. Basi nikaanza kumwita mbwa makusudi pale ulipoketi. Ndiyo, makusudi. Wewe ulivuta miguu yako ukaendelea kuchambua mchele, na utulivu wako ndio ulionizidishia hasira.

Juma la tano lilipokwisha ulifunga mzigo, ukasema mpunga wako unakungoja. Nilijua haukuwa msimu wa kuvuna. Mwanao alikusindikiza peke yake, mimi nikabaki kitandani na mbwa wangu, nimegeukia ukuta.

Tangu hapo mjukuu wako Yusufu amezaliwa, amefikisha miaka minne, na hujambeba hata mara moja. Kila ulipoomba aletwe Kindu nilipata la kusema. Njia mbaya, mtoto ana homa, pikipiki za kwenda Ubundu kupanda boti zinaanguka. Hayo yote ni kweli, lakini sababu yenyewe ilikuwa kinyongo changu.

Mwezi uliopita Yusufu alianza kupiga chafya. Akimkumbatia Tika macho yanavimba, na kifua kinapiga mluzi mpaka naogopa. Daktari alituambia huenda mwili wake unamkataa mbwa, ile wanayoita aleji. Hakuapa. Alisema inaweza pia kuwa vumbi, au moshi wa makaa. Tumtoe mbwa nje ya nyumba, tufue mashuka, tuangalie. Halafu akauliza kama yuko mwingine katika jamaa anayepatwa hivyo. Mwanao akajibu hakuna. Mimi nikayakumbuka macho yako mekundu pale barzani.

Jioni ile ile nilikupigia simu. Utakumbuka nilivyozungukazunguka, nikauliza habari za kuku, habari za mpunga, mpaka ukaniambia niseme kilichonileta. Nikasema. Ukanijibu:

"Nilijua ni ile imbwa, mwanangu. Tangu nilikuwa mutoto, imbwa ikikaribia, nakohoa. Lakini we ulikuwa umepoteza mutoto, na kila asubui iko ile imbwa tu alikuwa anakufanya utoke mu kitanda. Sasa mi ningekunyanganya hiyo namna gani?"

Simu ikakatika. Haukuwa mtandao, mama, kama nilivyokudanganya kesho yake. Niliikata mimi. Nilikuwa nalia, na sikutaka usikie.

Sasa Tika analala chini ya paa la jiko, uani. Yusufu amenikasirikia kweli kweli, anambebea wali wake huko huko na kuniita mama mbaya. Kikohozi kimepungua, hakijaisha, na bado hatujui kwa uhakika kama ni mbwa. Lakini kwa upande wako najua. Nimeosha kuta za chumba kidogo, nimeanika godoro jua la siku tatu. Siku utakayosema unakuja, kaka yangu atamchukua Tika Isangi. Nitaumia, sikufichi, maana mbwa yule alinishika mkono wakati mgumu. Lakini aliyempisha anishike ni wewe, na mimi nikakulipa kwa kukugeuzia mgongo.

Nisamehe. Sijui kama nitaweza kukutazama usoni siku ya kwanza, lakini njoo. Chumba ni chako, mjukuu ni wako. Na safari hii, kitu kikikuumiza ndani ya nyumba yangu, niambie. Mimi ni mwanao, si mgeni wa kuonewa haya.

Ni mimi mkweo, ninayekungoja,
Mama Yusufu