Mwandiko wa Karani wa Ghala

Jumatatu, 6 Mei
Nimefungua masanduku matatu ya malalamiko ya shirika letu. La ofisi yetu ya Arua: karatasi ya peremende. La Koboko mjini: mtu analalamika choo hakifagiliwi. La Kuluba: barua moja, imekunjwa mara nne.

“Karanga mlizowagawia wakulima si mbegu. Ni za kula, za sokoni, zimetiwa kwenye magunia yenye lebo. Nilizilowesha kwenye kitambaa, hazioti. Watu watalima bure.”

Haina jina. Lakini kila mwezi nakagua kadi za ghala la Koboko, na k yenye mkia mrefu hivyo ni ya mtu mmoja tu. Poni, karani wa ghala.

Mwezi wa pili niliwafundisha wafanyakazi mimi mwenyewe kutumia masanduku haya, katika ukumbi wa parokia. Andikeni bila woga, nikasema, jina lenu halitatoka. Poni alikaa safu ya mbele. Alikuwa ananakili kila neno.

Jumanne, 7 Mei
Gunia moja la mbegu hizo lilibaki hapa Arua, halikufika Koboko kabisa. Nimechukua punje kumi. Kitambaa chenye maji, sahani, chini ya meza yangu. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 13 Mei
Punje moja imechipua. Tisa zimeoza, zinanuka.

Basi ni kweli. Na aliyetuuzia mbegu ni shemeji wa Mkurugenzi. Hilo hata mfagiaji analijua.

Nilipeleka sahani na barua kwa Mkurugenzi. Sahani hakuitazama. Alisoma barua mara mbili, akauliza, “Nani iliandika hii?”

Nilimwambia ni siri, ndiyo kazi yangu.

“Mkataba yako inaisha mwezi gani?”

“Wa sita.”

Akachukua kalamu, akaendelea na karatasi zake kana kwamba nimeshatoka. Nilisimama pale nikitazama upara wake. Ada za shule. Nyumba ya mdogo wangu Oli haijapauliwa. Mama na dawa zake.

Nikasema, “Poni.”

Hakunilazimisha. Hakupandisha sauti. Niliona aibu, halafu njaa. Nikaenda kula.

Jumatano, 15 Mei
Barua ya Mkurugenzi iko mezani pangu. Poni anatuhumiwa kubadilisha mbegu ghalani Koboko. Uchunguzi uongozwe na afisa wa uadilifu. Yaani mimi.

Alhamisi, 16 Mei
Koboko, kisha Kuluba. Mashamba yamelimwa vizuri, udongo umelainika, hakuna kitu. Mama mmoja alipiga magoti akafukua shimo anionyeshe punje yake. Ilikuwa imegeuka uji.

Kisha shamba la Poni, nyuma ya nyumba yao. Kijani. Mistari imenyooka, karanga zimeota zote.

Nilifurahi. Niandike hivyo hivyo. Nilisimama kwenye shamba la yule msichana nikafurahi, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kuandika.

Nilimuuliza kwa nini zake zimeota.

“Nilipanda za mama yangu, madam, za msimu uliopita. Zile zenu nilizipima zikakataa. Niliwaambia majirani wasubiri. Walisema mimi naringa kwa sababu niko na kazi.”

Alinichemshia chai. Barua hakuitaja. Ila aliponipa kikombe alitabasamu kidogo, kama watu wawili wenye jambo lao. Alidhani nimekuja kwa ajili ya barua yake. Chai niliimaliza.

Ijumaa, 17 Mei
Ripoti kurasa tano. Ukurasa wa tatu: “Shamba la mtuhumiwa ndilo pekee lililoota.” Ni kweli. Ukurasa wa nne: “Mtuhumiwa alikuwa na ufunguo wa ghala.” Kweli pia. Nimesoma tena kutafuta uongo, sikuuona hata mmoja.

Gunia la Arua sikuliandika. Sahani nimeiosha. Kitambaa nimekitupa chooni.

Mkurugenzi amesifu lugha yangu.

Jumatano, 22 Mei
Mkutano wa wakulima, Kuluba. Nilisoma muhtasari wa ripoti kwa Kiswahili, mzee wa kanisa akafasiri kwa Kikakwa. Poni alikuwa amesimama karibu na gari letu, amevaa fulana ya shirika. Nilipotaja jina lake aligeuka nyuma, kama vile kuna Poni mwingine. Halafu akaanza kuyatafuta macho yangu. Sikumpa. Nilisoma mpaka mwisho.

Alisema maneno machache tu. “Mimi ndiye niliyewaambia ofisini. Muulizeni madam.”

Wakaniuliza.

Nilisema sina habari ya barua yoyote. Hakuna aliyekuwa ametaja barua. Nilisikia kosa langu likitoka mdomoni na nikangoja mtu alidake. Poni alilidaka. Niliona uso wake. Wengine hawakusikia kitu.

Wanawake walikwenda shambani kwake. Hawakupiga kelele. Waliinama wakang'oa mstari kwa mstari, taratibu, kama wanapalilia. Mmoja ni shangazi yake. Kisha wakaingiza mbuzi. Mama yake Poni alitoa kiti nje, akakaa, akatazama.

Dereva aliuliza, “Madam, tuwazuie?”

Nilimwambia washa gari, mvua inakuja.

Jumatano, 29 Mei
Poni amekuja Arua kuchukua vyeti vyake. Amefukuzwa rasmi jana. Alivaa nguo ya kanisani. Mlinzi alimpekua mkoba wakati wa kuingia, na wakati wa kutoka.

Nilimpa bahasha. Alihesabu vyeti, vilikuwa vitatu. Nilidhani atalia au atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

“Ni mwandiko, sivyo?”

Nilimsogezea daftari la kusaini.

“Dada yangu alisema yeye aandike. Mimi nikamwambia hapana, madam alituahidi.” Akafunga bahasha vizuri. “Ningemwacha dada aandike.”

Akakumbuka hajaniamkia: “Shikamoo, madam.” Nikaitikia. Marahaba ilinitoka mdomoni kabla sijafikiri.

Jumatatu, 10 Juni
Mkataba mpya, miaka miwili. Jina la cheo limeongezwa: afisa mwandamizi. Namchukia Mkurugenzi. Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Nimesikia Poni amevuka upande wa Kongo, kwa mjomba. Mama yake hataki kwenda. Majirani hawamchotei maji.

Jumapili, 30 Juni
Juzi tuligawa mbegu nyingine Kuluba, za kufidia. Aliyezileta ni shemeji yule yule. Nilizipima kimya kimya, zinaota. Labda ameogopa kidogo, au amechoka tu.

Mama aliyenionyesha punje iliyooza alinifuata mpaka kwenye gari. Alinipa jogoo, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Alisema Mungu anibariki kwa kuwaondolea mwizi.

Kila zawadi inapaswa kuandikwa kwenye daftari la ofisi. Huyu sikumwandika.

Tumemla leo baada ya misa, na ugali wa muhogo. Alikuwa na mafuta. Nikaosha vyombo. Mvua imenyesha polepole mpaka jioni.