Taa ya Cucu Jikoni

Jumanne, 8 Agosti 1989
Salamu kwa nyumba yangu yote, maana leo wote wapo! Ndungu mume wangu hajambo, ako dukani. Cucu, mama yake, ako kitandani, mguu bado haujapona, lakini chai anamaliza. Warigia wangu, mwenye jina la cucu, bibi yake, amefika jana kutoka chuo Nairobi, amekonda kidogo. Na mimi Njambi niko. Mungu ashukuriwe.

Mvua tangu saa nane. Ikipiga mabati hapa Yamumbi, hata mtu akipiga kelele chumba cha pili husikii. Ndivyo Cucu aliniita mwezi uliopita nikiwa jikoni. Sikusikia. Akajaribu kusimama mwenyewe – akaanguka. Tangu hapo hata viazi namenyea kando ya kitanda chake.

Warigia ametengeneza visanduku viwili, hakuna waya katikati! Cucu akibonyeza chake, taa ndogo inawaka kwa kile cha jikoni.

Jumatano, 9 Agosti
Nimekimbia mara sita! Na Cucu hajabonyeza hata mara moja.

"Wewe Njambi, unakuja kuangalia kama nimekufa?" Akacheka mpaka akakohoa.

Kumbe ni Paul jirani, anachoma geti, anaunga vyuma kwa umeme. Welding yake inarusha mawimbi kama ya redio, kisanduku kinadhani ni Cucu. Warigia anasema kosa ni lake, alikiambia kiwake kikipata wimbi lolote. Sasa cha Cucu kitatuma sauti mbili, ya juu na ya chini, kwa mpango: juu, chini, juu, juu. Bila huo mpango cha jikoni kisiwake.

Nikamwambia, kama vile baba yako anabisha mlango, namjua kabla hajasema.

"Ehe, Mum, umeshika!"

Mimi niliyeishia darasa la tatu!

Ijumaa, 11 Agosti
Kisanduku cha jikoni kimekataa kabisa. Warigia anafungua, anafunga, chakula hataki. Anasema labda hizo sauti mbili amezipanga vibaya. Mwishowe nikasema ukweli – nilikitia ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, nikatoboa tundu la taa, moshi usikiharibu.

Akanitazama. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mkebe ni bati, wimbi halipiti!

Tumekitoa. Paul anachoma – kimya. Cucu anabonyeza – taa! Leo nimepika chapati jikoni kwangu.

Jumatatu, 14 Agosti
Warigia ameondoka asubuhi. Mvua kubwa. Taa imewaka mara nne, na kila nikifika Cucu hataki kitu. Mara ya nne akanishika mkono.

"Nikibonyeza, nitajuaje umesikia? Kwako kunawaka. Kwangu hakuna kitu."

Sikuwa nimewaza hiyo. Nilikuwa nawaza woga wangu tu.

Nimemwandikia Warigia, Ndungu apeleke posta: cha jikoni nacho kijue kujibu, Cucu aone taa yake. Mwanangu, tuma neno haraka, mvua ni ya kila siku.

Taa tena. Nimegonga sufuria na mwiko, ajue nakuja. Atasikia wapi na hii mvua! Labda anataka mkono tu. Labda ameshaanza kushuka kitandani. Naenda –