Adhana Uliyoiacha Berea

Mdogo wangu Makame,

Basi wakanipigia tena leo asubuhi, wale watu wa jimboni kwako. Arobaini yako imekaribia, wanataka niseme maneno machache kwenye simu wayapige siku ya kisomo. Na maneno yenyewe washanitungia. Ati niseme, "Mdogo wangu hakuwahi kugeuka." Aliyenipigia ni yule kijana anayekitaka kiti chako Barazani. Sauti anayo nzuri, mashaallah, lakini ana haraka. Anasema ile hoja ya watoto wa kike waliozaa kurudi skuli inaletwa tena, na yeye ataipinga kama ulivyoipinga wewe, na neno la dada wa marehemu litamsaidia.

Nimemwambia nitaona. Nimechoka, Makame. Lifti ya ghorofa hii ya huku ugenini Berea ilishakufa zamani, nimepanda ngazi na ndoo ya unga wa vitumbua, magoti hata siyataki tena. Anayeandika ni Zuhura, mjukuu wangu, maana mie kalamu siijui. Nasema, yeye anaandika.

Mie nikikukumbuka nakukumbuka mdogo, mama keshafariki, nimekubeba mgongoni na kushuka hutaki. Ukaja ukawa mwalimu wa chuoni, wa Kurani, ukawa sheha, halafu Mwakilishi, na koti lile lile la kijivu juu ya kanzu. Kila ukitaka kusimama Barazani unanipigia huku, unanisomea hotuba yote na mie nakaanga. "Dada, hapo vipi?" Nakwambia hapo pa ulevi umewatukana mno wenzio, punguza. Unapunguza. Watu wako uliwaletea maji ya bomba, na ile baa ya karibu na msikiti ukaifungisha. Sikuwa na neno. Ila siku uliyonisomea ile ya wasichana, "Aliyezaa akae alee, skuli kaiacha mwenyewe," vitumbua vikaniungulia. Zuhura alikuwa na mimba, na wewe bado hujaambiwa.

Halafu ukaja kutibiwa jicho. Eish, kama wanavyosema watu wa huku, sikulala. Nikasema akimwona tu huyu mtoto aliyezaa Zuhura, anahamia hotelini. Ukaingia, jicho lina bandeji, ukamkuta Idrisa kwenye mkeka anajaribu kugeuka. Zuhura yuko skuli. Ukauliza, "Huyu kaadhiniwa na nani?"

Nikakwambia hakuna. Nyumba haina mwanamume, na wa msikitini kila niliyemwomba alisema atakuja. Mtoto hana baba, nani atapanda ngazi zote hizo kumwadhinia sikioni?

"Sasa mbona hukunipigia? Ningemwadhinia hata kwa simu."

"Wewe, Makame? Kwa hotuba ile?"

"Dada, mpakate vizuri. Kibla wapi?"

Nikakuonyesha dirisha. Ukatazama, ukatikisa kichwa. "Miaka yote hii unaswali kuelekea Randburg, siyo kibla." Tukacheka mpaka mtoto akashtuka. Ukamwadhinia sikio la kulia, ukamkimia la kushoto, sauti ya chini, naye katulia anakutazama jicho lako hilo moja.

Siku zako zote hapa, mchana ulimlea wewe. Jioni mama yake akirudi unajifanya umelala. Siku ya kuondoka ukanambia, "Dada, hili libaki kwako."

Ukarudi. Hoja ikaletwa, ukasimama. Nilikusikia kwenye simu, wenzio wanagonga meza. Maneno yale yale. Nikakupigia.

"Dada, kule nawasemea walionichagua."

"Na Zuhura anasemewa na nani?"

 Ukauliza, "Idrisa keshaota meno?"

Hilo ndilo lililonichosha. Ungekuwa mbaya tu, ningepumzika.

Zuhura kaacha kuandika. Habari ya adhana hakuwa nayo, yeye anajua wewe, babu yake, ulikataa hata kumtazama. Ananiuliza, "Bibi, kweli?" Kweli, mama, andika. Na siku ya arobaini utawasomea wewe kwenye simu, kwa sauti yako, barua hii yote, na hili humo humo. Yule kijana hataki, basi na jina langu asilitaje. Niwie radhi, ndugu yangu. Uliniambia libaki kwangu, na limekaa. Lakini wewe umeshalala, na watoto wa watu huko wanangoja wakatiwe shauri.

Nilitaka nikueleze pia ya jirani yangu Mkongo, yule mshonaji uliyembishia habari za nguo, alivyolia aliposikia... Mlango huo. Ni Idrisa, kashavaa kofia, juzuu kwapani. "Gogo, tunachelewa chuoni." Gogo, ndiyo bibi kwa watu wa huku! Mtoto huyu Kiswahili chake nusu kakiokota barabarani.

Haya, baba, nakuja, nipe mkono, ngazi hizi peke yangu siziwezi. Zuhura, hapo chini weka: dada yako aliyekubeba. Nakwenda.